Kanga Aliyekwenda Kambini

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mmeitikia kama mna njaa? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na timu ya mpira, Radi ya Mbugani. Mwenyekiti wake alikuwa Fisi. Msimu uliopita Radi walifungwa, wakafungwa, wakafungwa tena. Waliponea chupuchupu kushuka daraja. Na sasa msimu mpya unabisha hodi.

Mashabiki wakakusanyika kisimani.

"Mwaka huu kombe letu!" akasema Ngiri.

"Kombe la uji?" akauliza Punda Milia. "Kipa wetu Nyani anadaka maembe, mpira haudaki!"

"Swala atatufungia mabao."

"Swala! Msimu mzima kafunga kamba za viatu!"

Kanga alikuwa kakunja uso. Tangu msimu uliopita kila nyumba ilikuwa ikitoa chakula cha wachezaji na kumkabidhi Fisi. Huyu maboga, yule viazi. Kanga alitoa karanga alizochakura mwenyewe, makinda yake wakabaki kudonoa maganda.

"Ninyi," akasema, "nani kawaona wachezaji tangu waende kambini?"

Hakuna aliyewaona. Fisi alikataza.

Mara Fisi huyo, anakuja, tumbo mbele, ndi, ndi, ndi.

"Wapenzi wa Radi! Kambi imenoga! Vijana wameshiba!"

"Tuwaone," akasema Kanga.

Fisi akacheka. "Mama Kanga, mambo ya kambi ni siri. Tena mchawi wetu tunamjua. Si Ngiri huyu aliyemzomea kipa mpaka akafungwa?"

"Mimi?" akafoka Ngiri. "Mzomeaji ni Punda Milia!"

"Nani? Rudia!"

Teke, pa! Jino, chwa! Vumbi, tifu! Wakashikana. Na Fisi akaondoka taratibu, analamba midomo.

Kanga akaruka juu ya kichuguu. "Kekeke! Kekeke! Wajinga ninyi! Mnaumizana, na aliyewagombanisha anakwenda zake! Makinda yangu wanalala na njaa kwa ajili ya timu hii. Leo nakwenda kambini. Wa kunizuia na ajitokeze!"

Akashuka, akatangulia. Punda Milia akaacha teke hewani. Ngiri akajikung'uta vumbi. Wakamfuata wote, puku, puku, puku.

Wakafika. Wakakuta nini? Swala amelala, mbavu nje. Nyani anatafuna magome ya mti. Na nyuma ya kilima, Fisi na mashemeji zake wameyazunguka maboga, wanakula, kwacha, kwacha, kwacha.

"Swala, mwanangu," akauliza Kanga, "karanga zangu hukuzipata?"

"Karanga gani, mama?"

Nyani akamtazama Punda Milia. "Msimu mzima ulinizomea, bwana. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa njaa. Ningedaka vipi?"

Aibu ilimshika Punda Milia, kisha hasira. Hasira hasa! Akageuka, akatupa teke, pa! Safari hii likampata Fisi. Ngiri akamchoma jino, chwa! Kanga akamdonoa utosini, ko, ko, ko! Wakamtimua, yeye na mashemeji zake, mpaka ng'ambo ya bonde. Uenyekiti ukaishia huko.

Tangu siku hiyo mashabiki wakapika wenyewe, wakapakua wenyewe, wakakaa pale pale kuwaangalia wachezaji wakila. Kombe? Sitawadanganya, hawakulichukua. Mechi ya kwanza walifungwa vilevile, maana mwili uliokonda haunenepi kwa siku moja. Lakini miguu ya Swala ikapata nguvu. Mechi ya mwisho, wakiwa ukingoni kabisa mwa kushuka, akapiga shuti, paa! Wavu ukatikisika. Radi wakabaki daraja lao, na Kanga akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Wakubwa kwa wadogo, shikeni neno hili: mkizimalizia hasira zenu kwa wenzenu, mwizi anashiba. Ipelekeni hasira kwa aliyekosa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua chini, aiokote apendaye.