Ndevu Zilizokalia Kiti cha Enzi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu. Anayeijua hadithi hii kuliko mimi ajitokeze. Hakuna. Nilijua.

Hapo kale palikuwa na mfalme aliyeugua miaka mitatu. Kwa miaka hiyo mashauri yote aliyaamua binti yake, Mwanakombo, nyuma ya pazia. Yeye ananong'ona, baba anatamka. Mji mzima ulijua, hakuna aliyesema.

Siku moja mfalme akafa. Sheria ya mji ilikuwa moja: anayekalia kiti awe na ndevu. Basi wazee, mbele yao Waziri Mbaruku, wakamwambia Mwanakombo akasonge ugali.

Kabla matanga hayajaisha akaja mgeni, ndevu zinamfika magotini, mdomo unanuka damu. Wanawake wakasema huyo ni zimwi.

Waziri akajibu, "Ndevu anazo."

Akatawazwa. Mimi nilipinga palepale, ila kimoyomoyo.

Mfalme mpya akataka msichana wa kumchana ndevu. Akaenda wa kwanza, hakurudi. Watu wakauliza.

"Ndevu anazo," Waziri akasema.

Akaenda wa pili, hakurudi.

"Ndevu anazo."

Basi mji haukutulia tena. Watu wanakula wamesimama, milango inafunguliwa na kufungwa, hata kuku wanakataa kuatamia.

Ikafika zamu ya Mwanaidi, mdogo wake Mwanakombo. Mwanakombo akamnyang'anya kitana.

"Baki hapa, mdogo wangu. Nimesuka vichwa vya mji mzima, kidevu kimoja hakinishindi."

Akaenda. Akachana, akapaka mafuta, akasifu, mpaka zimwi likasinzia. Akazisuka zile ndevu mafungu matatu, kila fungu akalikaza kwenye mguu wa kiti. Kiti chenyewe cha mpingo, kinabebwa na wanaume kumi.

Zimwi likaamka na njaa, likamrukia. Likavuta mara moja. Likavuta mara mbili. Mara ya tatu ndevu zikang'oka zote, na kumbe nguvu zake zilikuwa humo. Likatapika wasichana wawili wazima, mmoja bado kashika kitana, likakimbilia porini kidevu wazi.

Wazee wakaja mbio.

"Umetuokoa, binti yangu," Waziri akasema. "Sasa rudi jikoni, tutafute mfalme."

"Mwenye nini, baba?"

"Mwenye ndevu."

Mwanakombo akaziokota zile ndevu, akaziweka juu ya kiti. "Huyo hapo. Msalimuni."

Wakati huohuo wakaingia wakulima wawili wanaogombea mpaka wa shamba. Wakaeleza, wakangoja. Wazee wakazitazama ndevu. Nzi akatua juu yake.

Wale wakulima wakageuka, wakamtazama Mwanakombo.

"Nitawajibu," akasema. "Lakini kwanza uchafu huo uondolewe kwenye kiti changu."

Waziri Mbaruku ndiye aliyeshika ufagio. Nilikuwepo, nikamwonyesha pa kutupa.

Hadithi yangu naifungia hapo. Mkichagua wa kuwaongoza, awe mwanamke au mwanamume, tazameni anavyoamua mambo ya watu. Kidevu mwachieni kinyozi.