Mti wa Kitovu cha Kalunde

Zamani za zamani, wajukuu zangu, kabla ya baba wa baba zenu, chumvi haikununuliwa dukani. Sogeeni karibu. Anayesinzia akalale.

Palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, na juu yake msitu, msitu kweli, si vichaka hivi mnavyochungia mbuzi. Watu waliteka maji, wakachemsha kwa kuni za msitu huo, wakachemsha, mpaka chumvi ikabaki chunguni. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mama alikifunika chungu chake kifudifudi akaenda kulima, na msitu ukapumzika. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya mti, na mti huo haukuguswa na shoka. Hivyo ndivyo alivyonisimulia bibi yangu.

Basi wakaja wachuuzi na vitambaa na shanga. Walitaka chumvi kiangazi, walitaka chumvi masika. Nani angekataa? Nyamizi, mama wa mtoto aitwaye Kalunde, hakukataa. Vyungu havikufunikwa tena. Wakakata, wakachemsha, wakakata, wakachemsha. Nyamizi akajenga nyumba kubwa, akavaa kitambaa chekundu, na kusema kweli alipendeza.

Msitu ukaisha. Ikabaki miti ya vitovu pale juu ya chemchemi, nayo ikaanza kukatwa, kila mtu akisema mti wake mmoja si kitu. Siku moja, wachuuzi wakingoja, Nyamizi akachukua shoka. Kalunde akamfuata.

“Mama, huo si mti wangu?”

“Ni wako, mwanangu. Nitakupandia mwingine.”

“Na kitovu changu utakizika tena?”

Nyamizi akainua shoka. Akakata. Chumvi iliyochemshwa kwa kuni za mti ule ilijaza kikapu kimoja tu.

Masika yakaja. Udongo ulikosa mizizi ya kuushika, ukaporomoka, ukaifukia chemchemi. Nyamizi akachimba kwa jembe, akachimba kwa mikono, akapata tope. Wachuuzi wakaenda kwingine, na watu wakahama.

Njiani Kalunde akauliza, “Mama, nikitaka kurudi kwetu, nitapajuaje?”

Nyamizi akafungua pindo la kile kitambaa chekundu, akamtilia chumvi kidogo kiganjani. Mtoto akailamba, ikaisha.

Huyo Kalunde ndiye aliyemzaa bibi yangu. Tafuteni mali, wajukuu zangu, hata mimi napenda nguo nzuri. Lakini mvua ikinyesha, pumzisheni msitu.

Kisa kimeiva, mmeonja. Nami chungu changu nakifunika.