Sarafu Mia Ndani ya Plastiki

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba bidhaa njema humvuta mnunuzi bila kupigiwa debe, ilhali bidhaa yenye kasoro humlazimu mwenyewe kuibeba huku na huko akiinadi. Wengi hudhani kwamba kasoro hiyo lazima iwe katika kitu chenyewe. Sivyo. Kitu kinaweza kuwa kizima kabisa, kasoro ikawa katika bei kilichobebeshwa. Emmett Hudak wa Parma, kitongoji cha jiji la Cleveland, alilijua jambo hilo kwa gharama yake na ya dada yake.

Baba yao alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, mtu asiyeamini benki sana. Alipofariki vuli ile, aliwaachia wanawe wawili akiba ndogo na sanduku la kijani lenye sarafu mia tano za madini ya fedha, kila moja ya aunsi moja. Sanduku lilikuwa bado limefungwa kwa ukanda wa kiwanda cha serikali kinachozichapa.

Roslyn, dada mkubwa wa Emmett, alijua tangu siku ya mazishi mali hiyo ingefanya nini. Kwa miaka mingi alikuwa akiwaokea waumini wa parokia mikate ya kokwa za jozi na ya Pasaka katika jiko la nyumbani, michache kila mara, huku akiwakatalia nusu ya walioagiza. Sasa Mzee Mihalik, mwokaji wa mtaa, alikuwa anafunga duka kwa sababu ya uzee, naye alikubali kumuuzia tanuri lake. Sanduku lingenunua tanuri, na akiba ingenunua mashine ya kukandia unga. Sharti lilikuwa moja: mwenye jengo alitaka chumba kiwe kitupu kabla ya Jumapili ya Matawi. Baada ya hapo tanuri lingechukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Emmett hakuwa na neno juu ya tanuri. Tatizo lake lilikuwa video. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na majira ya baridi kazi zilipopungua alishinda akiwatazama wauza sarafu wakieleza jinsi walivyotajirika. Siku moja ya Januari Roslyn aliingia jikoni kwa marehemu baba yao akalikuta sanduku wazi juu ya meza. Ukanda ulikuwa sakafuni, umekatwa.

"Umekata ukanda?"

"Sasa ningezionaje?" Emmett alijibu. Alikuwa amevaa glavu nyeupe, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. "Rozi, hizi hazijaguswa na mkono wa mtu. Humu ndani mna sabini tupu."

Kampuni za kupima sarafu hutoa alama hadi sabini, kisha huifungia sarafu ndani ya kijisanduku cha plastiki ngumu chenye lebo ya alama hiyo. Sabini ni sarafu isiyo na dosari hata chini ya kioo. Sitini na tisa ni sarafu yenye dosari ambayo mwenyewe hawezi kuiona.

"Na hao wapimaji hufanya kazi bure?" Roslyn aliuliza.

"Ada yao inakaribia bei ya fedha iliyomo kwenye sarafu. Lakini sabini inauzwa karibu mara mbili ya hiyo ya kawaida."

"Na ikipata sitini na tisa?"

"Haitapata."

"Nimeuliza ikipata."

Emmett alicheka. "Dada, wewe ni mtu wa unga. Niachie mambo ya fedha. Nipe zile za mashine nipeleke sarafu mia tu. Utanunua mashine mbili."

"Na nisiponunua hata moja?"

"Basi mashine nitakuwa mimi. Nitakukandia kwa mikono hii."

Roslyn alimtazama mikono kwa muda, kama anayepima uzito wake. Nusu ya mali ilikuwa ya Emmett kwa haki, na Emmett akishaamua jambo alikaza kama mlango wa gari ulioganda barafu. "Nimekusikia," alisema, akaondoka, naye Emmett akatuma sarafu mia kwa wapimaji kwa pesa za mashine.

Wiki iliyofuata alilipeleka lile sanduku kwa Lou Terzian, muuza sarafu wa siku nyingi, ili ajue thamani yake. Lou hakuanza na sarafu. Alianza na mahali ukanda ulipokuwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Ndugu yangu."

"Mmegombana?"

"Bado."

Lou alitikisa kichwa. Sanduku lililofungwa, alieleza, angelinunua papo hapo bila kulifungua na kuongeza kitu juu ya bei ya siku, kwa sababu ukanda ule ndio shahidi kwamba hakuna aliyechagua humo. "Sasa ni fedha tu. Fedha nzuri, lakini fedha tu. Zilete kwenye soko la sarafu mwezi wa Machi, nitazichukua zote kwa bei ya siku."

Hesabu ya Roslyn ilikuwa fupi. Sarafu zote mia tano kwa bei ya siku zingetosha tanuri, kwa shida. Mia nne zisingetosha.

Vijisanduku vilirudi katikati ya Kwaresima. Katika sarafu mia, kumi na nne zilikuwa zimepata sabini. Nyingine zote zilipata sitini na tisa, isipokuwa chache zilizopata chini ya hapo. Ijumaa hiyo, kwenye ukumbi wa kanisa ambako watu walikuwa wakila samaki wa kukaanga, Mzee Mihalik alimwita Emmett kutoka meza ya pili.

"Nasikia sarafu zako zimefaulu mtihani, kijana. Zitapata kazi lini?"

Meza nzima ilicheka. Roslyn hakucheka. "Tanuri ni langu, Mzee?"

"Ni lako hadi mwenye jengo atakapobadilisha kufuli, binti yangu. Mimi nitakungoja. Yeye hatangoja."

Jumamosi ya soko la sarafu, Roslyn alifika na mikebe ishirini, kila mmoja ukiwa na sarafu ishirini, akaiweka mezani kwa Lou. Lou alimimina, akahesabu, akapima, akaandika hundi. Kahawa ya Roslyn ilikuwa bado ya moto. Hata kabla mikebe haijawa mali ya Lou, watu wawili walikuwa wameshasimama nyuma yake wakiiulizia.

Emmett alikuwa na masanduku mawili ya kubeba, yamejaa plastiki. Zile kumi na nne ziliondoka kabla ya adhuhuri, tena kwa bei aliyoitaja, akarudi kwa dada yake akitembea kifua mbele. Roslyn alitoa kalamu akapiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi. Faida ya zote kumi na nne haikufika robo ya ada ya zile mia.

"Zimebaki themanini na sita," Emmett alisema. "Siku haijaisha."

Alizunguka. Muuzaji wa kwanza alifunua kitambaa cha meza yake: chini yake kulikuwa na rundo la sitini na tisa. "Nikuuzie na mimi?" alimuuliza. Wa pili alisema angelipa bei ya fedha, apunguze kidogo kwa ajili ya nafasi, kwa kuwa plastiki ilimjazia kabati. Wa tatu, mama mmoja mwenye taa ya mezani, aliigeuza sarafu moja chini ya mwanga.

"Hii ina doa la maziwa."

Emmett aliinama. Juu ya uso wa sarafu kulikuwa na waa jeupe, kana kwamba tone lilikaukia hapo. "Halikuwapo zilipopimwa."

"Najua. Huja lenyewe baadaye. Plastiki hailizuii." Alimrudishia. "Umelipia cheti cha afya, mgonjwa akaugua njiani. Pole, baba."

Mtu mwingine angeketi. Emmett alipiga moyo konde akaanza mzunguko wa pili, kisha wa tatu, mabega yakishuka kwa uzito. Wauzaji waliokuwa wakimsalimu asubuhi sasa walijifanya wanafunga kamba za viatu kila alipokaribia. Baadhi ya meza zilikuwa zimeshafunikwa Roslyn aliposimama mbele yake.

"Nipe nusu saa," Emmett alisema.

"Zile mia nne nilizizungusha kwenye meza ngapi?"

"Moja," Emmett alisema.

"Si ni sarafu zilezile? Sanduku moja, baba mmoja. Mia nne zilikaa kimya zikanunuliwa. Hizi umezivalisha suti, na bado unazibembelezea mchumba."

Emmett aliyaweka masanduku chini. Alitazama ukumbi mzima, akatazama viganja vyake vilivyochorwa na mishikio. "Lou atatoa ngapi?" aliuliza.

Lou alitoa bei ileile ya asubuhi, kwa sharti moja. Wateja wake walinunua kwa mkebe, na kijisanduku hakiingii kwenye mkebe. "Zitoe ndani ya plastiki, nitazichukua na madoa yake."

Basi Emmett alikwenda nje kwenye maegesho, akashusha mlango wa nyuma wa gari lake la mizigo, akatoa nyundo na koleo. Upepo wa Machi ulikuwa ukikata kama wembe. Alivunja kijisanduku kimoja baada ya kingine, akigonga pembeni ili asiiguse sarafu, na Roslyn akazipanga mikebeni. Vipande vya plastiki vilirundikana miguuni pao pamoja na lebo zenye alama alizozilipia Emmett.

"Wapimaji walisema hii ni sitini na nane," Emmett alisema akiishika sarafu ya mwisho.

"Lou atasema ni aunsi moja," Roslyn alijibu, akaipokea.

Tanuri lilihamishiwa nyumbani kwa Roslyn siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi. Mashine ya kukandia haikuwapo, kwa kuwa pesa zake zilikuwa zimebaki maegeshoni pamoja na ile plastiki. Roslyn hakumkumbusha mtu ahadi yake. Jumatatu Kuu alfajiri alimkuta Emmett mlangoni, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni.

"Unga uko wapi?"

Alikanda wiki nzima. Jumamosi Kuu, watu walipokuwa wakipeleka vikapu vyao kubarikiwa kanisani, mikate ya Roslyn ilikuwa ndani ya karibu kila kikapu, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi kona ya barabara. Juu ya mlango hapakuwa na jina wala bango.

"Nichore tangazo nilibandike nje?" Emmett aliuliza, akijifuta unga usoni. "Au niende na trei nikauze pale kanisani?"

"Emmett," Roslyn alisema, "tazama nje."

Emmett alitazama. Kisha akarudi kwenye bakuli, akazamisha mikono yote miwili katika donge jingine la unga, akaendelea kukanda bila kuinua kichwa. Hakuhitaji tena kuelezwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.