Mgombea wa Chama cha Wala Majani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, mashemeji na majungu kama sisi... Kombo! Acha kumsukuma Zuwena. Mkeka wote huu haukutoshi? Wivu tu! Haya tulia, maana hadithi yenyewe ni ya watu kama wewe.

Huko nyikani kulikuwa na Chama cha Wala Majani. Mwenyekiti alikuwa Nyati, makamu wake Kifaru, na katibu alikuwa Bi Digidigi, mdogo kuliko wote, miguu kama njiti za kiberiti.

Chama hicho hakikuwa na kadi. Kadi yao ilikuwa ulimi. Kabla ya mkutano kila mwanachama alisimama mlangoni, akafungua kinywa, aaaa! Bi Digidigi akatazama. Ulimi wa kijani, pita. Ulimi usio wa kijani, rudi kwenu.

Mwaka huo ukawa mwaka wa kumchagua rais wa nyika. Nyati akautaka urais. Kifaru naye akautaka. Wakaoneana wivu mpaka hawali, hawalali.

Ndipo akatokea Fisi. Alitafuna majani pale mlangoni, tafu tafu tafu, akatoa ulimi wa kijani, akapita. Alipokata kona tu, ptu! Akayatema. Kisha akapanda jukwaani akacheka.

"Kwiii-hi-hi-hiii!"

Pundamilia walicheka mpaka wakagaragara. "Huyu ndiye! Huyu anajaza uwanja!"

"Alimla shangazi yetu juzi!" swala wakalia.

"Ah, hayo ni ya zamani."

"Juzi ni zamani?"

"Sisi tunataka kushinda!"

"Tushinde halafu tuwe nani? Chama cha wala majani, mgombea mla nyama?"

Chama kikapasuka katikati. Ikafika mahali ndugu wanakutana kisimani, hawasalimiani.

Bi Digidigi alikuwa na hofu kuliko wote. Kila alipopita, Fisi alimtazama mapaja na kumeza mate, gludu! Alijua kabisa kwamba Fisi akishaapishwa, chakula cha kwanza ni yeye. Akaenda kwa Nyati.

"Mzee Mwenyekiti, mkatae Fisi. Neno lako moja tu linatosha."

Nyati akapuliza pua, fwuuu! "Nikimkataa, atapata nani? Kifaru! Juzi mkutanoni alipigiwa makofi mara tatu. Mimi mwenyekiti mzima, mara mbili! Nilihesabu. Heri Fisi kuliko Kifaru."

Akaenda kwa Kifaru, akamkuta ananoa pembe kwenye jiwe, kwaru kwaru.

"Mzee Makamu, mkatae Fisi."

"Ili apate Nyati? Thubutu! Kila ninakopita nasikia pembe za Nyati, pembe za Nyati, eti zimepinda vizuri. Kwani hizi zangu ni vijiti? Roho inaniuma! Heri Fisi kuliko Nyati."

Bi Digidigi akarudi nyumbani, akamwambia mumewe, "Wazee wale hawampendi Fisi hata kidogo. Wanaumwa wivu tu. Basi na mimi nitautumia huohuo wivu."

Siku ya kumteua mgombea ikafika. Siku hiyo ulimi ulionyeshwa mara mbili, mlangoni na tena jukwaani kabla ya kura. Mlangoni Fisi alipita kama kawaida yake. Nyati akaanza kuhutubia, na Nyati akianza kuhutubia, ohoo, mnaweza kupika maharage yakaiva. Bi Digidigi akamsogelea Fisi taratibu.

"Mheshimiwa, hongera. Nimempita Mbweha hapo nyuma ya kichuguu. Kaokota mguu wa ngiri, masalia ya Simba. Umenona huo!"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Na mimi hakuniita?"

"Nilimwuliza. Akasema, 'Fisi? Si siku hizi anakula majani? Mwacheni na mchicha wake.' Akacheka huyo!"

"Mbweha! Kale kambavu katupu! Ale mguu mzima peke yake, na mimi nipo?"

"Vumilia, Mheshimiwa. Utakuwa rais."

"Rais gani anakaa na njaa huku Mbweha ananenepa!"

Chwap! Akachomoka kwa mlango wa nyuma. Nyati alipomaliza hotuba, Fisi alikuwa amesharudi, kajifuta mdomo, kaufumba kabisa.

"Wagombea, jukwaani!" Bi Digidigi akaita. "Ndimi!"

Nyati, aaaa. Kijani. Kifaru, aaaa. Kijani. Fisi, "Mmm-mm."

"Anaumwa jino!" pundamilia wakamtetea. "Cheka tu, Mheshimiwa! Cheka kidogo tufurahi!"

Fisi akatikisa kichwa.

"Msimlazimishe," akasema Bi Digidigi. "Kwani hata Mbweha anajua kucheka. Tena vizuri kumshinda."

"Kunishinda mimi? Mbweha? Kwiii-hi-hi-hiii!"

Lo! Ulimi mwekundu, na nywele za ngiri zimemganda menoni. Pundamilia wakarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. "Tulisema sisi!" swala wakapiga kelele. Fisi akatazama huku, akatazama kule, akatimua mbio mpaka leo.

"Sasa nani?" wakaulizana.

"Mimi!" akanguruma Nyati.

"Mimi!" akanguruma Kifaru.

Bi Digidigi akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee Nyati, utamkubali Kifaru?"

"Kamwe! Heri hata wewe!"

"Na wewe Mzee Kifaru, utamkubali Nyati?"

"Labda nife kwanza! Heri hata wewe!"

Bi Digidigi akatoa kaulimi kake ka kijani kibichi, wote wakakaona.

"Basi katibu aandike hivyo," akasema. "Aa, kumbe katibu ni mimi. Nimeshaandika."

Umesikia, Kombo? Mwenye kuchagua kwa wivu hampati anayemtaka, humpata yeyote yule ili mradi si mwenzake.