Kwa Nini Nyumbani Huonekana Pageni Mtu Arudipo Safari

Nyinyi mnaorudi kutoka kwa wajomba zenu na kusema, "Mbona nyumba imekuwa ndogo? Mbona humu ndani kuna harufu?", halafu mnacheka na kudhani macho yenu yanawatania, nyamazeni kidogo mnisikilize. Zamani, watu walipokuwa wachache na nyasi nyingi, jambo hilo halikuwepo. Mtu angeweza kukaa ugenini mpaka akaota mvi, na siku aliporudi angeingia ndani na kunyoosha mkono, akaikuta kata juu ya mtungi, akanywa maji na kuketi. Moyo haukushtuka hata kidogo. Nyumbani palikuwa pa kawaida siku zote, na hilo ndilo lililokaribia kuwamaliza watu wa Igunzwa.

Watu wa Igunzwa walijenga katikati ya majabali, na majivuno yao yalikuwa haya: kupajua kwao. Mtoto akishatembea vizuri alifundishwa kwenda kisimani na kurudi akiwa amefumba macho. Wakati wa mavuno wanaume wazima walishindana kukizunguka kijiji wakiwa wamefungwa macho, na aliyejikwaa alichekwa mpaka mavuno mengine. Bibi arusi aliyetoka mbali hakuhesabiwa mwenyeji mpaka afikishe mtungi nyumbani bila kufumbua jicho wala kumwaga maji. Basi mchezo ukawa tabia. Wakiwa kijijini hawakufumbua macho ila kwa kazi ya lazima, na hata wakifumbua hawakutazama. Watazame nini, na kila kitu walishakijua?

Limi aliolewa huko na mtu aliyeitwa Lugembe. Ule mtihani wa mtungi aliupita, lakini niwaambie ukweli wake: alichungulia. Jicho lake moja halikuweza kufumba hata umlipe. Alikaa, akazaa mtoto wa kike, Mbuke, na mtoto alipoanza kung'oka meno ya utotoni habari zikaja kwamba mama yake Limi ameanguka na kuvunjika mguu. Limi akamwacha Mbuke kwa mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, akaenda kumuuguza mama. Alikwenda mtama ukipandwa, akarudi ukivunwa.

Alipokaribia Igunzwa alitafuta lile jabali kubwa la mlangoni mwa kijiji, walipokuwa wakianikia mtama, asilione. Alidhani amepotea njia. Akasogea mbele na kuikuta njia ni ileile, ila palipokuwa na jabali paliota nyasi, laini na za kijani, ingawa kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu kingine. Akapita penye nyumba ya Shoma mfinyanzi, mwanamke aliyempokea kwa wema siku za uarusi wake. Hapakuwa na nyumba. Nyasi zilezile.

"Mama, Shoma amehamia wapi?" alimuuliza mama mkwe hata kabla ya kutua mzigo.

"Shoma ndiye nani, mkamwana?"

"Mfinyanzi. Jirani yetu, mama. Aliyekufinyangia ule mtungi."

Bibi Nyamizi alitabasamu, macho yamefumba. "Jua limekupiga njiani. Hapo hapajawahi kukaa mtu. Ingia ndani upumzike."

Lugembe naye alipoulizwa habari za jabali alicheka. Limi akaona aibu. Aliogopa kwamba kichwa chake kimeharibika huko alikokuwa, na hofu ya kuonekana mwehu ukweni si hofu ndogo. Ndipo akamtazama vizuri Mbuke, aliyekuwa amekaa pembeni mwa ukuta na hakuja kumlaki. Mtoto alikuwa amefifia. Hakuwa mgonjwa wala hakukonda. Alikuwa amefifia tu, hata ukuta nyuma yake ulionekana wazi kuliko yeye.

"Mwanangu, mbona hukuja kunipokea?"

"Nilidhani hutaniona," Mbuke alisema kwa sauti ndogo sana. "Bibi haniiti siku hizi. Nikimsemesha baba, ananipita."

Limi alimbeba, akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Tangu hapo hakumweka chini. Mama mkwe alipita akasema, "Umebeba nini, mkamwana?" kisha akaenda zake bila kungoja jibu.

Siku moja mchana Limi alikaa uani, mtoto mapajani, akitazamana na kinu kikubwa cha Bibi Nyamizi. Upepo haukuwepo, lakini nyasi zilizokizunguka kile kinu zilikuwa zikiinama, taratibu, upande mmoja. Inzi akatua usoni mwa Limi, naye akageuka kumfukuza. Aliporudisha macho, kinu hakikuwepo, na nyasi zilikuwa zimesimama wima pale kilipokuwa. Bibi Nyamizi akaja kutoka kisimani, macho yamefumba. Miaka yote alikuwa akikikwepa kile kinu kwa hatua ya kando. Siku hiyo alinyoosha, akapita juu ya zile nyasi.

"Mama, kinu kiko wapi?" Limi aliuliza.

"Kinu gani? Sisi tunasaga kwa jiwe tangu enzi na enzi."

Ndipo Limi akajua kwamba hajaharibika kichwa, na kujua huko kulimtisha zaidi. Kulikuwa na kitu pale Igunzwa. Hakuna aliyewahi kukiona, na mpaka leo hakina jina, kwa sababu nani akipe jina kitu asichokiona? Kilikula kile tu kisichotazamwa. Kilianza na mawe, kikaja kwenye nyumba, kikaja kwa watu, na kilipomla mtu kilimla pamoja na kumbukumbu yake, hata pasiwe na wa kulia.

Alijiapiza hatamwondolea Mbuke macho. Lakini jamani, mazoea ni mazoea. Siku zikapita, Limi akalima, akateka maji, akapika. Asubuhi moja alipakua uji, wa mume, wa mama mkwe, na wa kwake, akaketi akaanza kunywa, moyo umetulia. Uji ulikuwa mtamu. Alikuwa karibu kuumaliza alipohisi kuna mtu mlangoni. Mbuke alikuwa amesimama pale, haonekani ila kama moshi, wala haombi chakula.

Limi aliangusha bakuli. Alimnyakua mtoto, akamweka mgongoni na kukimbia naye, akapita kisima, akapanda mpaka juu ya kilima, nje ya kijiji. Hapo alipiga magoti akalia kwa sauti. "Muumba," alisema, "umenipa jicho moja bovu nami nimelizoesha kulala. Nitoe uenyeji. Nifanye mgeni kwangu, hata nikose raha, ila mwanangu nimwone."

Aliposimama na kugeuka, akakiona kijiji chini, na hofu ikamshika. Hakupatambua. Paa la nyumba yake lilikuwa limeinama upande asioujua. Njia zilikuwa nyembamba. Moshi ulikuwa na harufu ya kwa watu. Na kati ya nyumba kulikuwa na mapengo ya kijani, mengi kuliko nyumba zenyewe. Alitamani kukimbilia kwa mama yake na kumwacha Lugembe na watu wake walivyo. Lakini mgongoni mtoto alikuwa ameanza kuwa mzito kidogo, naye akateremka.

Aliingia ndani mwake kama mwizi na kuvuruga kila kitu. Kitanda alikiweka penye mafiga, mafiga akayapeleka mlangoni, mitungi akaipanga katikati ya njia. Mwisho akamketisha Mbuke kizingitini. Lugembe akarudi kutoka shambani, macho yamefumba, anaimba. Alijikwaa, akaanguka kifudifudi, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno akafumbua macho nyumbani mwake. Uso wa binti yake ulikuwa mbele ya uso wake.

"Huyu mtoto wa nani?" aliuliza.

Limi alisema baadaye kwamba katika yote aliyoyaona, neno lile ndilo lililomwogopesha kupita yote. Mbuke akasema, "Baba." Lugembe akamtazama, akamtazama tena, kisha akamkumbatia akilia kama aliyeletewa msiba.

Lugembe ndiye aliyepiga ngoma. Watu wa Igunzwa walipandishwa kilimani, wengine kwa kusukumwa, Bibi Nyamizi akinung'unika kwamba mkamwana ameleta wazimu. Juu kule waligeuzwa na kuamriwa kufumbua macho. Manung'uniko yakakoma. Ile hofu iliyomshika Limi iliwashika wote, wakateremka wakiwa wageni, wameshikana mikono, wakipiga hodi kwenye nyumba zao wenyewe. Akina mama waliwakimbilia watoto waliofifia wakawaita majina mpaka weusi wa ngozi zao ukarudi. Bibi Nyamizi alimpakata Mbuke siku nzima, hakutaka kumpa mtu. Lakini Shoma hakurudi, wala wale ambao hakuna aliyeweza kuwataja.

Na tangu siku hiyo, mtu akirudi kutoka safari, nyumbani kwake humwonekea pageni. Dari hushuka, ukuta hunuka, mlango hukaa kombo. Hofu ile iliingia katika damu ya watu wa Igunzwa, nao wakaoa na kuolewa kila mahali, hata ikatufikia sisi. Haikai sana. Ukishakula na kulala, huondoka. Basi msiicheke; wakati bado ipo, tazameni waliomo ndani, mmoja mmoja.

Limi mwenyewe, siku ile ya kuteremka, alipokuwa akirudisha kitanda mahali pake, aliona njuga za mtoto zimening'inia ukutani. Zilikuwa kubwa kwa mguu wa Mbuke, na ndogo kwa mguu wa mtu mzima, na uzi wake ulikuwa umesokotwa kwa namna ambayo Limi peke yake ndiye aliyeijua. Aliwauliza Lugembe na Bibi Nyamizi ni za nani. Hawakujua. Wala yeye hakujua. Lakini alizeeka akiwa na desturi moja: kila jioni aliita watu wa nyumba yake kwa majina, wote, na akimaliza alinyamaza kidogo, akaacha nafasi ya jina moja zaidi.