Barua Ishirini na Nne, Barua Thelathini na Tisa

Mtu mmoja wa mlimani alikuwa na mabinti wawili, Nakijwa mkubwa na Namkunda mdogo. Alikuwa mbali nao miaka mingi, akawaandikia barua, nyingine kwa mkono wake, nyingine kwa mikono ya wajumbe aliowapa maneno yake. Zilikuwa za kila namna: maagizo ya nyumba, habari za ukoo, nyimbo, makaripio, hata kilio. Mabinti walipoolewa bondeni, kila mmoja alizinakili zote, akazifunga bunda kwa uzi wake mwenyewe. Kila mwaka baada ya mavuno kila nyumba ilizisoma zake kwa sauti, ya kwanza hadi ya mwisho, na kwa desturi ya ukoo ule, ile iliyosomwa mwisho ndiyo neno ambalo nyumba iliishi nalo mwaka mzima. Tena bunda la mtu halikufunguliwa na mwingine, hata awe ndugu wa tumbo moja.

Siku moja Nakijwa alimsikia mdogo wake akimwambia mgeni kwa majivuno kwamba baba aliwaandikia barua thelathini na tisa. Nakijwa nusura aangushe ungo. Yeye alikuwa nazo ishirini na nne! Alizijua moja moja kama anavyowajua watoto wake. Kumi na tano zimetoka wapi? Hakuuliza, maana hasira ikipanda haina haja ya kuuliza. Alisema moyoni kwamba Namkunda amemtungia baba maneno, na kwa miaka tisa hakukanyaga kwake. Mwishowe alipeleka shauri kwa wakubwa wa ukoo. Aliyeliongezea neno la baba hufutwa katika ukoo, yeye na wanawe, na ua wa baba haukanyagi tena. Nakijwa aliitaka hukumu hiyo, na usingizi ulimpaa kwa kuiogopa, kwa kuwa Namkunda ndiye ndugu pekee aliyekuwa naye.

Asubuhi ya shauri watu walijaa uani. Mkubwa wa ukoo, Mzee Kiure, hakutaka maneno mengi. Aliwaamuru wakae mkeka mmoja, wafungue, wasome. Hapo ndipo nyuzi zile mbili zilipofunguliwa pamoja kwa mara ya kwanza.

Barua tano za mwanzo, za maagizo, zilikuwa zilezile, neno kwa neno. Watu wakatulia. Kisha Namkunda akaendelea na habari za ukoo, na katikati yake akasoma barua fupi ya habari za mkwe mmoja aliyekataa kumwacha mama wa mumewe. Nakijwa akaruka kutoka mkekani akisema barua hiyo haikai hapo, inakaa nyuma pamoja na nyimbo! Akaziba mdomo. Ameijua vipi, ikiwa ni ya kutungwa?

Akarudi kukaa, na sasa hakuweza kungoja. Akaanza kuchambua bunda la mdogo wake na lake kwa mikono miwili, karatasi kwa karatasi. Vijibarua kumi na viwili vya wajumbe, ambavyo yeye alivishona pamoja visipotee akavihesabu kimoja, Namkunda aliviacha kila kimoja peke yake. Hizo ni kumi na moja za ziada! Na zile ndefu nne, ambazo yeye aliziacha nzima, Namkunda alizigawa kila moja barua mbili. Nne nyingine, jumla kumi na tano! Nakijwa akahesabu kwa vidole, akarudia, akacheka kwa sauti mbele ya wakubwa wote, machozi yakimtoka. Haikuzidi hata moja. Haikupungua hata moja.

Ikabaki ya mwisho. Ya Nakijwa ilisema: nyumba ya mlimani inajengwa tena, aliye wangu na apande. Ndiyo maana kwake viatu vilikuwa vimeshonwa siku zote na mizigo imefungwa, na Namkunda alizoea kuwacheka kuwa wasafiri wasiosafiri. Ya Namkunda ilisema: angalieni njia, namtuma mtu kwenu, ageuze mioyo ya wazazi na ya watoto ikutane. Ndiyo maana kwake kulikuwa na kigoda kitupu mlangoni mwaka hadi mwaka, na Nakijwa alikiita uvivu. Lakini Nakijwa alipotazama, barua ya njia alikuwa nayo yeye pia, mwishoni mwa vile kumi na viwili, katikati ya bunda. Na barua ya kupanda ilikuwa katikati ya bunda la Namkunda. Kila mmoja alikuwa akilisoma kila mwaka neno aliloishi nalo mwenzake, akilipita kwenda kwenye la kwake.

Kando ya Namkunda palikuwa na bunda la pili, ambalo hakulificha kamwe wala hakulihesabu na lile la kwanza. Alisema yule mtu aliyeahidiwa katika ile barua ya njia alishafika mlangoni kwake, akakikalia kigoda, na hizi ndizo barua za tangu siku ile. Nakijwa alilitazama, akatikisa kichwa; hakulipokea. Katika hilo hawakupatana, wakaliacha mpaka baba atakaporudi mwenyewe. Ila shtaka la siku ile halikuwa hilo.

Mzee Kiure akamuuliza kama bado anamshtaki. Nakijwa akauokota uzi wa Namkunda, akamfungia bunda lake jinsi alivyolikuta, kwa mpangilio wake yeye Namkunda, akampa mikononi.

“Hizi ni barua za baba yangu,” akasema. “Nifuteni mimi kabla hamjamfuta yeye.”

Hakuna aliyefutwa. Miaka tisa, ndugu zangu, kwa kuhesabu tu! Nawe unayeyahesabu mabunda ya wenzako kwa nje, la kwako ulilifungua lini?