Ukuta wa Liwali Usiokuwa na Ufa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa bara uliochangamka siku ya gulio tu, alikuwako fundi wa kukandika nyumba, jina lake Pazi, fukara asiye na kitu ila mikono yake na kibanda kando ya soko. Liwali Muhidini alikitamani kiwanja cha kibanda kile apate kuweka zizi la punda wake, akawa anatafuta kisingizio.

Basi akamwita, akasema, "Pazi, nikandikie ukuta wa baraza yangu kwa udongo, mkono mmoja tu. Siku ya saba nitakuja kuukagua. Nikiona ufa, hata wa kupenya unywele, kibanda chako nakibomoa."

Sasa hata asiyewahi kushika udongo anajua kwamba mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la udongo, hupasuka ukikauka, ndipo fundi hupiga mkono wa pili, wa udongo laini uliochanganywa na mchanga na samadi, ukaziba nyufa zote. Mwantumu, mkewe Pazi, akaanza kufunga vyombo huku akilia.

"Vifungue, mke wangu," Pazi akamwambia. "Mimi nitafutie magunia."

Ikawa Pazi akakandika, akaufunika ukuta kwa magunia yaliyolowa, na kutwa kucha akayamwagia maji. Watu wa gulio wakaacha vitumbua vyao wakaja kumtazama, wakasema fundi kaingiwa na wazimu, nao walifurahi sana kwa hilo.

Siku ya saba Liwali akaja na joho jipya. Magunia yakaondolewa. Akainama, akachuchumaa, akapanda kiti, akatafuta ufa kama atafutaye chawa, asiuone. Akachoka, akaegemea ukuta apumzike. Masikini Liwali, alipotaka kuondoka, udongo ukaondoka naye.

"Pazi, mbona ukuta mbichi?"

"Bwana mkubwa, uliniamuru usipasuke. Kukauka hukuniamuru."

Liwali akageuka, akaliona umbo lake lote limechimbika ukutani, mabega, mgongo na chini yake. Mwantumu akaziba mdomo kwa kanga, lakini kicheko kikamtoka, na Liwali akakipokea, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Kibanda ni chako, Pazi, wewe na wanao," akasema, akifuta machozi na kujipaka tope usoni. "Lete udongo wa mkono wa pili. Nitaupiga mimi mwenyewe, nguo zimekwisha kuharibika."

Akakunja mikono ya joho, akachota tonge la udongo, akaanza kuziba pale palipokuwa na makalio yake.